Taa ya mafuta iliyowasha redio

Hapa Berlin baridi tu inatusumbua.

Mama, unakumbuka mwaka 1997, betri za redio ya bibi zilipokwisha? Tuliziatika juani kama kawaida, zikaamka kidogo zikazima. Siku hiyo hiyo msiba wa baba mkubwa ukatangazwa Radio Tanzania. Tukaja kusikia wameshazika. Na usiku ule chemli ilikuwa mezani inawaka!

Nimeyakumbuka kwa sababu mwenzangu wa zamu, aliyezaliwa Kazakhstan, amenionyesha picha ya taa ya kwa babu yake. Ni taa ya mafuta, ila juu ya kioo ina mapezi ya chuma, na nyaya mbili zinashuka hadi kwenye redio. Nikadhani ananitania. Nimesoma, ni kweli kabisa.

Chanzo chake kiko humu humu Berlin. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti, akapasha moto kiungo kimoja, sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Mwenyewe alifikiri ni sumaku. Kumbe ni umeme. Upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, umeme unatembea. Lakini ni kidogo mno, hivyo inabidi kuunganisha vipande vingi kwa mfuatano. Miaka ya 1870 Mfaransa Clamond alitengeneza kifaa cha namna hiyo kinachochoma gesi, ila dainamo zikakipita.

Aliyeifufua kazi hiyo ni Abram Ioffe wa Leningrad. Yeye aliona metali za kawaida hazitoshi, akageukia semikondakta. Wakati wa Vita vya Pili, wapiganaji wa Kisovieti waliokuwa misituni nyuma ya Wajerumani walipewa sufuria ya ajabu: moto chini, maji ndani, na umeme wa redio ya mawasiliano unatoka. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa upande wa "baridi", hata yakichemka, maana moto wa chini ni mkali zaidi!

Baada ya vita, miaka ya 1950, ikaja taa ya vijijini, TGK-3. Hewa moto ya taa ilipasha vipande kwa ndani, mapezi yakapozwa na hewa ya chumbani. Ilitoa kama wati 3 tu. Sehemu kubwa ya joto ilipotea bure, lakini taa ingewashwa hata hivyo, na redio ikaongea bila betri. Baadaye gridi ikafika vijijini, na redio za transista zikahitaji umeme kidogo sana. Taa zile zikawekwa stoo.

Sisi haikutufikia, au basi kwetu haikufika. Najua siku hizi mna sola juu ya bati, na msiba unatangazwa kwenye simu. Lakini juzi niliiangalia ile picha muda mrefu, nikawa naiona meza ya bibi.

Mama, ile chemli bado ipo? Msiitupe. Naingia zamu ya usiku, msalimieni bibi.