Mafunjo, Udongo na Neno: Hadithi za Biblia Mikononi mwa Watoto wa Kasese na Bwera

Ziwa George limelala mashariki mwa wilaya ya Kasese, na kingo zake zimejaa mafunjo. Maji yake hupita Mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward, hushuka na mto Semliki hadi Ziwa Albert, na kutoka hapo huwa mto Nile. Mto Nyamwamba, unaokatiza mji wa Kasese, humwaga maji yake katika ziwa hilohilo. Mto Lhubiriha, unaoutenga mji wa Bwera na Kongo, humwaga yake katika Ziwa Edward. Katika kitabu cha Kutoka, mama yake Musa anatengeneza kisafina cha mafunjo, anakipaka lami, anamlaza mwanawe ndani na kukiweka kando ya Nile. Basi mwalimu wa watoto wa Kasese anayewapa wanafunzi wake mafunjo wafume kisafina cha Musa anawapa mmea wenyewe unaotajwa, uliokua katika maji yanayokwenda Misri. Mwalimu wa London au Chicago hawezi kufanya hivyo hata akiwa na fedha nyingi.

Naanza na mafunjo kwa sababu historia ya kufundisha watoto Biblia katika nchi zetu mara nyingi husimuliwa kama historia ya makasha: kasha la vitabu lililofika bandarini, kasha la picha, kasha la kalamu za rangi. Chini ya Rwenzori mambo hayakwenda hivyo. Hadithi za Biblia zilishika mizizi kwa watoto wa huku pale zilipokutana na lugha ya nyumbani na vitu vya nyumbani, na safari ya kufika hapo ilichukua zaidi ya nusu karne.

Ukristo uliingia Uganda kama elimu ya kusoma. Wamisionari Waanglikana wa CMS walifika kwa Mutesa, Kabaka wa Buganda, mwaka 1877, na Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, wakafuata mwaka 1879. Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Scotland, alichonga herufi za mbao kwa mkono wake ili apate kuchapa karatasi za kusomea, na watu waliokusanyika kujifunza imani wakaitwa wasomaji. Biblia nzima ya Kiganda, iliyotafsiriwa na George Pilkington akisaidiwa na Waganda, ilikamilika mwaka 1896. Toleo lake moja lilichapwa kwa umbo jembamba na nene ili litoshe ndani ya kopo la biskuti, mchwa wasilifikie. Ubunifu huo ulikuwa wa kukilinda kitabu. Kumpa mtoto kitu cha kufanya na kitabu hicho halikuwa jambo lililowashughulisha. Mtoto alikaa na watu wazima, akafuatisha silabi kwa kidole, akakariri maswali na majibu.

Ujumbe huo ulibebwa kuelekea magharibi na walimu Waafrika waliotembea kwa miguu, na anayejulikana kuliko wote ni Apolo Kivebulaya. Alibatizwa mwaka 1895, akapelekwa Toro mwaka huohuo, na mwaka 1896 akavuka bonde la Semliki hadi Mboga, ng'ambo ya Rwenzori, ambako alizikwa mwaka 1933. Kivebulaya alilima, akapanda miti na kujenga makanisa kwa mikono yake, na waliojifunza kwake walimwona akifanya kazi kabla ya kumsikia akihubiri. Kwa Wakatoliki, Mapadri Weupe walifika Toro mwaka 1895 wakaanzisha misheni ya Virika. Wao waliamini nguvu ya picha. Katekisimu za picha kubwa za rangi zilizochapwa Ufaransa zilining'inizwa mbele ya wanafunzi, mbingu juu na moto chini, na katekista akafundisha kwa fimbo ya kuonyeshea. Macho ya mtoto yalipata kazi. Mikono yake bado ilikuwa imekunjwa.

Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 uliwaweka Wakonzo, wenyeji wa milima ya Rwenzori, chini ya ufalme wa Toro. Tangu hapo mtoto wa Mkonzo alisikia habari za Daudi na Yona kwa lugha ya watawala wake. Biblia ya Runyoro-Rutooro ilitoka mwaka 1912, na Rutooro ndiyo iliyotumika shuleni na kanisani hata katika vijiji ambako hakuna aliyeizungumza jikoni. Wakonzo waliasi kati ya 1919 na 1921, na viongozi wao, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, wakanyongwa. Miongo mitatu baadaye, mwaka 1954, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Isaya Mukirane pamoja na wenzake waliunda chama cha kuchunguza historia ya maisha ya Wakonzo, na mwaka 1962 madai yao ya lugha, shule na heshima yakazaa vuguvugu la Rwenzururu. Wanahistoria huliandika jambo hili kama siasa, na ni siasa kweli. Mimi naliona pia kama suala la elimu ya watoto, kwani mtoto akisimuliwa kwa lugha asiyoilalia wala kuiamkia hukariri jina la Goliathi bila kumwogopa Goliathi.

Wakati huo wote palikuwa na shule nyingine iliyofanya kazi jioni, karibu na moto. Nyanya walisimulia, watoto wakaitikia, wakaimba kiitikio, wakaigiza mnyama aliyetajwa. Walisikia habari za Kithasamba, mungu anayekaa juu kwenye theluji. Walifinyanga udongo wa mtoni na kufunga mipira kwa maganda makavu ya mgomba. Njia zote za kumshirikisha mtoto ambazo leo tunazifundisha kwenye semina zilikuwapo hapo, bila jina na bila cheti.

Katika mila za Wakonzo kuna jambo moja ambalo naliona kuwa hazina kubwa kwa mwalimu wa Biblia. Mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Wavulana huitwa Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Wasichana huitwa Masika, Biira, Kabugho, Mbambu, Ithungu. Yapo majina mengine ya zamu hizo, lakini utaratibu ni huohuo, na mtoto wa miaka mitano hujua nafasi yake katika nyumba kabla ya kujua tarehe yake ya kuzaliwa. Sasa msimulie habari za Yusufu, mwana wa kumi na moja wa Yakobo, aliyeota kaka zake wakimwinamia. Au habari za Samweli, aliyepitishiwa wana saba wa Yese mmoja baada ya mwingine, naye akauliza kama hakuna mwingine, ndipo akaitwa yule mdogo kutoka malishoni. Wapange watoto wenyewe kwa majina yao, Baluku mbele na wadogo zake nyuma, kisha mpake mafuta yule wa mwisho. Hapahitajiki maelezo marefu. Wataona wenyewe kwamba utaratibu wa nyumbani umepinduliwa, na aliye mwisho wa mstari hatasahau.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuileta sanaa ya mkono na hadithi ya Biblia meza moja katika elimu ya Uganda, na kuandika juu yake, alikuwa Margaret Trowell. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, iliyopita Afrika Mashariki mwaka 1924, ilikuwa imeshauri shule zifundishe kilimo na kazi za mikono, lakini kazi hizo zilichukuliwa zaidi kama maandalizi ya ajira. Trowell, mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, alikuwa na wazo lingine. Alijifunza London kwa Marion Richardson, mwalimu aliyewasimulia watoto picha wakiwa wamefumba macho kisha akawaacha wachore walichokiona ndani yao. Kampala, katika miaka ya 1930, Trowell aliwakusanya wanafunzi akawafanyia vivyo hivyo. Aliwasimulia, mara nyingi hadithi za Biblia, wakachora bila kuonyeshwa mfano wa Ulaya. Kitabu chake kuhusu sanaa na ufundi wa Kiafrika shuleni kilitoka mwaka 1937, na shule ya sanaa ya Makerere ilikuja kubeba jina lake.

Tunda la njia hiyo linaonekana Murang'a, Kenya. Elimo Njau, Mchaga aliyesomea Makerere, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la kumbukumbu ya waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kristo wake anazaliwa na kuteseka katika mandhari ya vilima vya Wagikuyu. Mtoto anayeingia kanisani humo anaikuta Bethlehemu aliyotoka nayo nyumbani. Miaka ya 1970 Wamafa wa kaskazini mwa Kamerun nao waliigiza matukio ya Injili vijijini mwao, na picha za Yesu Mafa zilizotokana na maigizo hayo zikaenea ulimwenguni.

Si zana zote zilizotufikia zilikuwa na hekima hiyo. Katikati ya karne ya 20 ulikuja ubao wa flaneli, kitambaa ambacho juu yake hubandikwa vikaragosi vya karatasi, na karibu kila Abrahamu wake alikuwa na mashavu mekundu. Kilikuja pia kitabu kisicho na maneno, chenye kurasa za rangi tupu, wazo lililoanzia katika mahubiri ya Charles Spurgeon mwaka 1866 na kuenezwa na vyama vya kuinjilisha watoto. Leo rangi zake hufungwa hata kama shanga mkononi. Ni zana nyepesi, haihitaji mtoto ajue kusoma, na imesaidia wengi. Lakini ukurasa wa dhambi ni mweusi. Kumwekea mtoto Mwafrika ukurasa mweusi na kumwambia hii ndiyo dhambi ni kosa, na nafurahi kwamba walimu wengi sasa wanasema giza badala ya weusi. Kwa watu wanaoishi karibu na usiku wa msitu, giza linaeleweka vizuri.

Mabadiliko makubwa ya Kasese yalikuja na mamlaka ya nyumbani. Wilaya ilitengwa na Toro mwaka 1974. Dayosisi ya Rwenzori Kusini ya Kanisa la Uganda ilianzishwa mwaka 1984, Zebedee Masereka akiwa askofu wake wa kwanza, na Jimbo Katoliki la Kasese likafuata mwaka 1989 chini ya Askofu Egidio Nkaijanabwo. Waadventista nao, walio na waumini wengi katika milima hii, wana shule zao za Sabato. Mwaka 2007 serikali ilianzisha mtaala mpya wa darasa la kwanza hadi la tatu, unaofundishwa kwa lugha ya mama na kumtaka mtoto atende, aimbe na atengeneze. Mwalimu anayefaragua zana siku za kazi kwa karatasi za manila, vizibo vya chupa na gundi ya mhogo huenda nazo kanisani mwisho wa juma. Huko Bwera, ambako gulio la Mpondwe huwakutanisha Wakonzo na ndugu zao Wanande wa Kongo, simulizi huanza kwa Lhukonzo, lugha ya Wakonzo, wimbo ukaja kwa Kiswahili, na hakuna mtoto anayeona ajabu.

Vitu vya nyumbani vya kufundishia vipo. Chumvi ya Katwe, iliyochimbwa na kuuzwa hadi Kongo tangu kabla ya ukoloni, inatosha kufundishia mahubiri ya mlimani: bonge moja, vikombe viwili vya maji, kila mtoto aonje. Habari za Nuhu zinahitaji uangalifu zaidi. Nyamwamba ilifurika Mei 2013, na Mei 2020 mito ikabomoa nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Mtoto anayefinyanga safina Kasese anaweza kuwa amelala katika kambi ya waliokosa makazi. Hapo mwalimu asiharakishie upinde wa mvua. Amwachie mtoto udongo mkononi muda mrefu, afinyange pia nyumba iliyochukuliwa na maji.

Bwera inajua zaidi ya mafuriko. Waasi wa ADF waliishambulia Mpondwe Novemba 1996, na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliua wanafunzi 37 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha. Hadithi ya Musa huanza na mfalme anayeamuru watoto wauawe, na hadithi ya Krismasi ina Herode wake. Zamani maigizo ya Krismasi yalipenda askari wenye mapanga ya mbao. Naamini mapanga hayo yanapaswa kuondolewa kabisa katika maigizo ya watoto wa mpakani. Apewe nafasi kubwa dada yake Musa, msichana aliyesimama kwa mbali akakilinda kisafina, akajua la kusema binti Farao alipotokea. Watoto wa Bwera wanahitaji kuigiza ulinzi kuliko kuigiza mauaji.

Sasa picha za kupaka rangi zinapatikana kwa simu, nazo hurudufiwa kila palipo na mashine. Zina faida yake, na wakati wa korona, shule zilipofungwa kabisa au kwa sehemu kati ya Machi 2020 na Januari 2022, mzazi mwenye karatasi moja alikuwa na la kufanya na mwanawe. Lakini karatasi iliyochorwa tayari humwachia mtoto kazi ndogo mno: asivuke mstari. Mafunjo humdai afikirie maji yatapita wapi.

Sehemu kubwa ya kazi hii ya walimu wa watoto haijahifadhiwa. Vikapu huoza, udongo huvunjika, na madaftari ya walimu wa watoto hufungiwa sukari dukani baada ya wenyewe kufariki. Dayosisi zote mbili, shule za Sabato na vyuo vya ualimu vya Kasese vianze kukusanya: nyimbo zirekodiwe, zana zipigwe picha, walimu wazee wa Kasese, Kisinga na Bwera waulizwe walifundishaje na kwa vitu gani. Nawe msomaji, kama mama yako au shangazi yako alifundisha watoto kanisani, mwulize mwaka huu, na uandike anachokueleza.