Yowe Likipigwa, Nani Atoke?

Wengi wetu tunaoishi Springfield tunakwenda kwenye shughuli zetu za mjini Washington kwa treni ya Metro, kutoka kituo cha Franconia-Springfield, ule mwisho wa njia ya buluu uliofunguliwa mwaka 1997. Mtu ametoka kubeba boksi usiku kucha, amekaa, kichwa amekiegemeza dirishani, hana haja na mtu wala mtu hana haja naye. Abiria wa huku hawasalimiani, na mgeni naye baada ya miaka michache huzoea. Ubaya wa desturi hiyo hauonekani mpaka siku ya balaa.

Mchana wa tarehe 4 Julai 2015, sikukuu ya uhuru wa Marekani, balaa lilitokea katika treni ya njia nyekundu karibu na kituo cha NoMa. Kijana wa miaka 24 alishambuliwa kwa kisu na kijana wa miaka 18 ndani ya behewa lenye abiria wapatao 10, akafa mbele ya macho yao. Abiria walisogea pembeni, wengine wakajaribu kumwita dereva kwa chombo cha dharura. Treni ilipofika kituoni muuaji akashuka akaenda zake, akaja kukamatwa baadaye. Kwa siku nyingi mji ulibishana. Wako waliosema watu 10 hawashindwi na mtu mmoja, na wako waliouliza: wewe ungekuwa na mtoto pembeni yako, mbele yako mtu ameshika kisu, ungefanya nini?

Waswahili wa huku nasi tuna jibu letu la haraka: mambo hayo ni ya Wazungu, kwetu watu wangemrukia. Ni kweli, wangemrukia. Lakini tuulizane pia wangemfanya nini baada ya kumkamata. Na kama mwenye kisu angekuwa mjanja, akawahi kupaza sauti na kumnyooshea kidole yule kijana mwenzake kwamba ni mwizi, wangemrukia nani? Ndiyo maana naomba leo turudi nyuma kidogo tuitazame historia ya yowe, kwa sababu nadhani tunaisifia bila kuijua vizuri.

Karibu kila kabila la Afrika Mashariki lina neno la sauti ile. Waswahili wa zamani walisema kupiga ukunga, Waganda wanasema enduulu, Wasukuma wanaita mwano, Wanyarwanda induru. Si kelele tu. Ni wito wenye sheria ndani yake: aliyeusikia lazima atoke, na wenye nguvu watoke na silaha. Asiyetoka ataulizwa asubuhi alikuwa wapi, na jibu la "nilidhani wengine wataenda" halikubaliki. Zamani hizo kijijini hapakuwa na kituo cha polisi, na jirani ndiye aliyekuwa polisi.

Mfano ulio karibu nasi ni Sungusungu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki zilizagaa, wizi wa ng'ombe na ujambazi ukazidi magharibi mwa Tanzania, na polisi walikuwa wachache, wengine wao wakituhumiwa kula na wezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi, kuanzia maeneo ya mpaka wa Shinyanga na Tabora, wakajipanga wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi. Walimchagua mkuu wao wakamwita ntemi, cheo cha watawala wa jadi ambacho serikali ilikuwa imekifuta baada ya uhuru. Mwano ukipigwa, kijiji kizima kinatoka, na filimbi inapokewa na kijiji cha jirani mpaka mwizi anakosa pa kupitia. Asiyeitika anatozwa faini au anatengwa. Mahakimu na wanasheria walinung'unika kwamba watu wanahukumiwa porini, lakini Mwalimu Nyerere na CCM waliwatetea, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwatambua. Ng'ombe walipona. Ila ni Sungusungu hao hao waliowapiga watuhumiwa, na kuwafukuza vijijini akina mama wazee walioitwa wachawi. Kikongwe aliyezungukwa na majirani zake wote wenye pinde angempigia nani yowe?

Tusidhani yowe ni letu peke yetu. Waingereza nao walikuwa nalo. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285, zama za Mfalme Edward wa Kwanza, ilikiagiza kila kijiji kumfukuza mhalifu kwa kelele kutoka mtaa hadi mtaa, na wenyeji wa eneo walioshindwa kumtoa mwizi waliwajibika kulipa hasara. Desturi hiyo ilivuka bahari na walowezi ikafika hapa Virginia, na huku ilipata kazi nyingine. Katika karne ya 17 baraza la koloni lilitunga sheria za kupokezana mbiu hiyo ili kuwakamata vibarua na watumwa waliotoroka. Raia mwema aliyesikia wito alitakiwa kushiriki, na kushiriki kwake kulikuwa kumrudisha mtu utumwani. Mwaka 1761 George Washington, ambaye shamba lake la Mount Vernon haliko mbali na Springfield, alitoa tangazo gazetini la watumwa wake 4 waliotoroka, akiahidi zawadi kwa atakayewakamata. Msomaji wa tangazo lile aliyewaona wale watu 4 wakipita msituni, akanyamaza, sisi leo tungemwita shujaa.

Mpaka leo Virginia ina kipande cha sheria ile ya zamani: afisa wa usalama akikuamuru umsaidie kumkamata mhalifu, ukakataa bila sababu ya maana, umetenda kosa. Lakini ukimwona mtu anauawa na hakuna afisa aliyekuamuru, kwa kawaida sheria haikudai kitu. Iko sheria ya kumlinda msamaria mwema anayetoa huduma ya dharura kwa nia njema asije akashtakiwa, ila ya kumlazimisha awe msamaria haipo. Vermont ndiyo iliyotangulia mwishoni mwa miaka ya 1960 kumtaka mtu amsaidie aliye katika hatari kubwa, kama anaweza bila kujihatarisha, na adhabu ya kukataa haizidi dola 100. Ufaransa wao ni wakali, kifungo hadi miaka 5 na faini hadi euro 75,000, na ndugu zetu Wakongo wana kifungu cha namna hiyo katika sheria yao ya jinai, iliyofuata njia ya Wabelgiji.

Yowe lilipogeuzwa kabisa lilikuwa Rwanda mwaka 1994. Kule kulikuwa na induru, na kulikuwa na irondo, doria ya usiku ya majirani ya kuzuia wezi. Wauaji hawakuhitaji kubuni chombo kipya. Doria ikawa kizuizi cha barabarani, na induru ikapigwa kuwaita majirani wamtoe aliyejificha kwenye mtama. Mtu aliyezoea tangu utoto kwamba anayebaki nyumbani ni msaliti alitoka na panga. Waliookoa watu siku zile, wakiwemo Waislamu wa Nyamirambo mjini Kigali ambao wengi wao wanazungumza Kiswahili chetu hiki, waliokoa kwa kutokuitika.

Kwa hiyo jirani anayetoka anaweza kuwa mwokozi na anaweza kuwa mnyongaji. Nani asiyemjua kijana aliyepigwa hadi kufa Kariakoo, Gikomba au Kongowea kwa neno moja tu, mwizi, na saa mbili baadaye ikabainika simu haikuibwa? Pale watazamaji ni mamia, na karibu wote wanaona waliorusha mawe ndio walioitika. Mimi nasema pale wajibu wa mpita njia ni kuwazuia majirani zake, na ni kazi ngumu kuliko kumzuia mwenye kisu.

Hapa Marekani hofu imekuwa ya upande wa pili, kwamba hakuna atakayetoka. Tarehe 13 Machi 1964, usiku wa manane, Kitty Genovese aliuawa kwa kisu Kew Gardens, New York. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 walitazama na hakuna aliyeita polisi. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima na kuingia katika vitabu vya shule. Haikuwa sahihi. Wengi wa watu wale walisikia sauti tu bila kuona, mmoja alipaza sauti dirishani muuaji akakimbia kabla ya kurudi, na jirani mmoja, Sophia Farrar, alishuka ngazi bila kujua kama muuaji bado yupo, akampakata Kitty mpaka msaada ulipofika. Mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kwamba taarifa ile ilikuwa na kasoro. Miaka zaidi ya 50 tulifundishwa habari ya watu 38 na hatukufundishwa jina la Sophia.

Hata hivyo uongo ule ulizaa mambo mawili ya kweli. La kwanza ni namba 911, ambayo kisa hicho kilikuwa miongoni mwa sababu za kuidai. Simu ya kwanza ilipigwa Haleyville, Alabama, Februari 1968. La pili ni utafiti wa John Darley na Bibb Latané wa mwaka huo huo. Waliwasikilizisha wanafunzi sauti ya mtu aliyeonekana kushikwa na kifafa chumba cha pili. Aliyedhani yuko peke yake alikwenda kutoa taarifa mara 85 katika 100. Aliyedhani wako wengine 4 wanaosikia alikwenda mara 31 tu, kwani kila mmoja alimwachia mwenzake. Lakini mwaka 2019 watafiti waliotazama picha za kamera za mitaani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town waliona kwamba katika visa 91 kati ya 100 yupo angalau mtu mmoja aliyeingilia, na watu wakiwa wengi uwezekano uliongezeka. Binadamu si mbaya kama tulivyoambiwa. Na tarehe 1 Februari 2023, katika kituo cha Potomac Avenue ambacho treni yetu ya buluu inapita, fundi wa Metro wa miaka 64 aliuawa kwa risasi akijaribu kumnusuru mwanamke, kisha raia wengine wakamnyang'anya muuaji bunduki. Watu walitoka siku ile, na mmoja wao hakurudi nyumbani. Kwa hiyo simlaumu abiria wa mwaka 2015 aliyeogopa.

Kama kuna waliolijibu swali hili vizuri, ni abiria wa basi la Mandera. Novemba 2014 al-Shabaab waliteka basi huko kaskazini mashariki mwa Kenya, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Tarehe 21 Desemba 2015 wakateka jingine karibu na El Wak, wakaamuru Waislamu wajitenge tena. Abiria walikataa. Akina mama waliwavika wenzao Wakristo hijabu, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa, lakini basi zima halikufa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi akikataa kuwatenga wenzake, akafariki Januari 2016 hospitalini Nairobi, na baadaye Rais Uhuru Kenyatta akampa nishani. Hawakuwa na silaha wala mafunzo. Wale wauaji walihitaji msaada wa abiria ili kujua nani ni nani, na abiria wakawanyima.

Sasa turudi kwetu Springfield, maana treni na basi ni mambo ya nadra. Kinachotuhusu zaidi ni ukuta. Nyumba za huku ni mbao na jasi, jirani akikohoa unamsikia, akimpiga mkewe unasikia pia. Na sisi tuna methali ya kutulaza usingizi: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Methali hiyo inahusu ndugu wenye nguvu sawa wanaogombana. Haimhusu mwanamke aliyefungiwa ndani, aliyeletwa na mume wake, asiyejua Kiingereza, ambaye hana mjomba wala shangazi wa kumkimbilia katika jimbo zima. Nyumbani angetoka nje akapiga ukunga, na balozi wa nyumba kumi angefika hata kama amekasirika kuamshwa. Huku atapiga kelele, na sisi tutaongeza sauti ya televisheni.

Wengi tunanyamaza kwa kuogopa kwamba tukiita polisi mwenzetu asiye na makaratasi atarudishwa. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Lakini tujue pia kwamba tangu mwaka 2000 sheria ya Marekani ina viza ya U kwa waathirika wa uhalifu, ukiwemo unyanyasaji wa nyumbani, wanaoisaidia polisi, ingawa foleni yake ni ya miaka. Mwaka 2021 Fairfax ilipitisha sera ya kuwazuia wafanyakazi wake wasitoe habari za hali ya uhamiaji ya mtu kwa serikali kuu, ila pale sheria inapowalazimu. Anayeogopa kusikika akizungumza anaweza kuandika ujumbe kwa 911, unapokelewa hapa Fairfax. Na kabla ya hapo unaweza kugonga mlango wa jirani wa upande wa pili, ambaye naye yuko macho anasikiliza, akidhani wewe umeshapiga simu.