Jicho jekundu mwaka wa Ebola

Wasomi wenzangu, leo siandiki juu ya kahawa wala vanila. Naandika juu ya chupa moja ndogo ya dawa ya macho.

Ilikuwa Juni 2019. Dada yangu mkubwa, sisi tunamwita Yaya tu, alikuwa anapanda pikipiki kwenda Beni kuleta mawese na kuyauza hapa Butembo. Mwenye kujua barabara ile wakati wa jua anajua vumbi lake. Macho yakawa mekundu, akanunua dawa ya matone kwenye farmasi ya kartiye, bila karatasi ya daktari, kama sisi wote tunavyofanya. Karibu siku kumi baadaye, homa. Kisha midomo ikapasuka, madoa yakatoka kifuani, ngozi ikaanza malengelenge kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto.

Sasa fikirini: homa na macho mekundu, Butembo, mwaka ule! Mwezi wa pili vituo vya kutunzia wagonjwa wa Ebola vya Katwa na Butembo vilikuwa vimeshambuliwa na kuchomwa moto, tarehe 24 na 27. Majirani wengine wakasema ni Ebola, wengine wakasema amelogwa sokoni. Tuliogopa riposte kuliko ugonjwa wenyewe. Mama akamficha chumbani siku mbili, na mimi ndiye niliyesema tungoje. Tena asubuhi zote mbili nilimtia matone yale kwa mkono wangu, juu macho yalikuwa yamezidi.

Ugonjwa ule una historia ndefu. Mwaka wa 1922 huko New York, madaktari wawili, Stevens na Johnson, waliandika juu ya watoto wawili wa kiume wenye homa, vidonda mdomoni, madoa mwilini na macho yenye usaha. Chanzo hawakukijua. Salfa haikuwa imekuwa dawa bado: ni mwaka wa 1935 Mjerumani Gerhard Domagk alipotangaza kwamba rangi moja nyekundu ya kiwandani, Prontosil, inaponya maambukizi ya bakteria. Akapewa Nobel 1939, serikali ya Hitler ikamlazimisha kuikataa. Salfa iliokoa watu wengi sana kabla penisilini haijaenea, tusiidharau. Ikatiwa kwenye vidonge, kwenye pomada, kwenye matone ya macho. Lakini kwa watu wachache, ngozi ikachunika.

Kwa vidonge mtu anaelewa. Tone dogo vile lingewezaje? Miaka ya 1970 madaktari wa ngozi Marekani waliandika visa vya watu waliopatwa baada ya kutia salfa jichoni. Tone halibaki jichoni, kumbe: linashuka kwa mfereji wa machozi hadi puani na kooni (ndiyo maana unasikia uchungu mdomoni), na toka huko linaingia damuni. Kama mwili umeshaichukia dawa ile, kidogo kinatosha.

Karibu na kwetu, Nairobi, 1991, ikaonekana jambo la aina hiyo kwa thiasetazoni, dawa ya bei ndogo ya kifua kikuu, nayo kazi ya Domagk yule yule. Kwa wagonjwa wenye virusi vya Sida, karibu 1 kati ya 5 aliharibika ngozi. Kwa wasio na virusi, kama 1 kati ya 100. Wengine walikufa. Ilijulikana kwa sababu kulikuwa na watu walioandika nani alikunywa nini, na lini.

Hapo ndipo kesi ya Yaya ilikuwa ngumu. Ugonjwa huu unaweza kuanza na macho mekundu wenyewe. Basi matone ndiyo yaliuleta, ao yalitiwa juu ulikuwa umeshaanza? Mtu wa kilimo anajua swali hili. Jani la kiazi limeungua kule Lubero: ni mildiu, ao ni dawa uliyopuliza? Unauliza tarehe.

Siku ya tatu tulimpeleka. Vipimo viwili vya Ebola, saa 48 kati yake, vyote hapana. Daktari akauliza: "Nini ilitangulia?" Mama ndiye aliyekumbuka kwamba Yaya, akiwa mtoto, alipewa vidonge vya salfa kwa kikohozi akatoka madoa na vidonda mdomoni. Mimi nikarudi nyumbani kuchimbua takataka. Chupa niliipata. Juu yake pameandikwa kwa herufi ndogo: sulfasetamidi. Miaka yote ile nilikuwa nimefundishwa kusoma karatasi ya dawa kabla ya kuipuliza shambani, na ile sikuisoma.

Walimtunza kama mtu aliyeungua, wiki nne.

Yaya yuko. Kucha ziliota tena. Machozi ndiyo hayatoki vizuri, na vumbi haliwezi tena, kwa hiyo mawese ya Beni ninaenda kuyachukua mimi. Katika mkoba wake kuna kipande cha karatoni nilichokiandika kwa Kiswahili na Kifaransa: SALFA HAPANA, HATA JICHONI.