Mama, Mwana na Pembe: Njia ya Tabora

Novemba 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kaze, jirani na ilipo Tabora ya leo. Katika mambo aliyoandika kuhusu Wanyamwezi, wenyeji wa huko, mojawapo ni uzazi. Mama akishikwa na uchungu, alisema, hujitenga nyumbani au porini, na baada ya saa chache hurudi na mtoto mgongoni ndani ya mbeleko ya ngozi ya mbuzi, pengine na mzigo wa kuni kichwani.

Asomaye harakaharaka atasema hao walikuwa na moyo mkavu. Lakini Burton huyohuyo aliandika pia habari za mapacha. Mmoja wao, alidai, aliuawa kwa desturi. Kisha mama alichukua kibuyu, akakivika ngozi, akakilaza kando ya pacha aliyebaki na kukilisha kama mtoto. Ikiwa ndivyo, basi jamii hiyohiyo iliyodai kifo kile ilijua kwamba mzazi hawezi kuachwa mikono mitupu.

Umama huu ulikwenda safari. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya kati, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na kutoka huko hadi Ujiji. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na ushei, na wengi waliandamana na wake zao. Mwanamke alichukua vyungu, chakula na vifaa vya kambi, mtoto akiwa mgongoni. Wenzake wakitua mizigo jioni, kazi yake ndiyo kwanza ilianza: kuni, maji, kupika, kunyonyesha.

Kwa mateka wa biashara ya utumwa hali ilikuwa nyingine kabisa.

Mwaka 1882, mmisionari Alfred Swann akielekea Ziwa Tanganyika alikutana karibu na Mpwapwa na msafara wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ukishuka pwani. Aliona wanawake wenye watoto migongoni na pembe za ndovu vichwani. Akamuuliza mnyapara: mama akichoka asiweze kubeba vyote viwili, inakuwaje? Akajibiwa kwamba mtoto huuawa kwa mkuki ili mzigo upungue. Pembe haikuachwa.

Na pembe nyingine zilitoka kwa mama pia. Tembo hubeba mimba kwa miezi 22, ndama hunyonya kwa miaka kadhaa, na kundi huongozwa na jike mzee mwenye kukumbuka maji yako wapi wakati wa ukame. Pembe za majike ni ndogo, lakini Ulaya na Marekani zilitafutwa sana kwa kuchonga mipira ya biliadi. Aliyemuua jike aliacha ndama wake na kundi lisilo na kiongozi. Jeraha hilo haliponi upesi. Hifadhi ya Mikumi, iliyo katika nyanda za Mkata ambazo misafara ilizivuka, imefanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Ulionyesha kwamba majike waliopoteza ndugu zao na viongozi wazee kwa ujangili wa miongo iliyopita walikuwa na homoni nyingi zaidi za msongo, na walizaa kidogo kuliko wenzao.

Tabora yenyewe ilijaa watumwa waliolima mashamba na kuhudumia nyumba za wakubwa. Kwa kawaida mtoto wa mtumwa wa kike alikuwa mali ya bwana wa mama yake, isipokuwa kama bwana huyo ndiye baba na amemkubali. Wajerumani walipokuja kutawala hawakufuta utumwa. Walichofanya ni kutoa amri kwamba mtoto atakayezaliwa na mtumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Mama akabaki mtumwa kisheria, huku mtoto wake akiwa mtu huru, mpaka Waingereza walipoufuta utumwa Tanganyika mwaka 1922.

Historia ya njia hii imezoea majina ya wanaume: Mirambo, Tippu Tip, Livingstone, Stanley. Nusu ya habari iko kwa wanawake waliopita humo na watoto, na hakuna aliyeandika majina yao. Wazee wa Tabora, Mpwapwa na Ujiji waliolelewa na bibi waliozaliwa katika zama za amri ile wanazidi kupungua. Vijana, walimu na vyuo viende kuwasikiliza na kuyarekodi wanayoyakumbuka, mwaka huu, si baadaye.