Njia ya Miguu Kutoka Pangani

Juma lililopita nilikuwa Pangani, mkoani Tanga, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilitembea kwa miguu siku nne mfululizo. Tulikuwa watu sita: vijana wawili wa kutembeza wageni, Wazungu watatu waliokuja kutazama ndege na kasa, na mimi na kinasa sauti changu. Siku mbili tulifuata ukingo wa mto, kati ya mikoko na minazi. Siku ya tatu tukavuka kwa pantoni hadi Bweni, tukashika njia ya pwani kuelekea kusini, Ushongo na Kipumbwi.

Utalii wa namna hii siku hizi una wapenzi wengi. Mgeni halipii gari, analipia miguu yake mwenyewe! Wala sicheki, kwani fedha hiyo inabaki kijijini kwa muuza madafu na mwenye kumpangisha mgeni chumba.

Sasa, asubuhi ya kwanza mmoja wa wageni aliuliza njia ile ilitengenezwa na nani. Kijana wetu alijibu bila kusita kwamba ni njia ya wavuvi na wachuma nazi. Hakusema uongo. Lakini nilimtazama, kijana mzaliwa wa pale pale, nikajiuliza ni nani kati yetu sisi wakubwa aliyepaswa kumsimulia yaliyobaki.

Pangani haikuwa mji wa kando. Katika karne ya 19 ilikuwa mlango wa bara, kama Bagamoyo kwa upande wake. Misafara ya pembe za ndovu ilipanda kwa bonde la mto huu, ikapita nchi ya Wazigua, ikaambaa chini ya milima ya Usambara na Upare, hadi Uchagani na Umasaini. Waliopanda walibeba ushanga, waya wa shaba na kitambaa cha merikani, kilichoitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani. Walioshuka walibeba pembe. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kilo 30 hivi, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba, ya watu kufuatana mmoja mmoja. Aliyetangulia akikuta mti umeanguka aliuzunguka, wa nyuma wakamfuata, na mti ulipokwisha kuoza kona ilibaki.

Mwanzoni mwa mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita hapa, wakapanda hadi Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, aliyekuwa mzee sana. Miaka 30 baadaye, mwanzoni mwa 1887, Count Teleki aliondoka Pangani na mamia ya wapagazi, akafika mwaka uliofuata kwenye ziwa tunaloliita leo Turkana. Vitabu vimejaa majina yao. Kirongozi aliyewaonyesha njia, ambaye huenda alikuwa ameipita mara kumi kabla yao, ni nadra kutajwa.

Hayo ya pembe ndiyo tunayopenda kuyasimulia. Yako mengine.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja na kung'oa mikarafuu. Pemba haikuumia hivyo, na wenye mali wakakimbilia kupanda karafuu huko. Kazi ya shamba ilitaka watu. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza watumwa kusafirishwa baharini. Mtu angedhani biashara ingekoma. Haikukoma, ilihamia nchi kavu. Watu waliokuwa wakipakiwa majahazini Kilwa sasa walitembezwa kwa miguu kando ya bahari, kutoka kusini kwenda kaskazini, wakivuka mto baada ya mto, hadi penye vichochoro vya bahari vinavyoelekea Pemba. Kutoka hapo walivushwa usiku.

Ofisa mmoja wa ubalozi wa Uingereza, Frederic Elton, alitembea njia ya pwani kati ya Dar es Salaam na Kilwa mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874. Katika muda wa mwezi mmoja hivi alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopelekwa kaskazini. Huo ni mwezi mmoja tu, ndugu msikilizaji, na ni wale tu ambao hesabu yake iliwafikia. Mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu pia. Ilipungua, ikajificha, ikaendelea.

Na si wote waliovushwa. Pangani yenyewe ilihitaji watu. Kando ya mto, hapo hapo tulipokuwa tukipiga picha za ndege, palikuwa na mashamba ya miwa ya matajiri wa Kiarabu na Waswahili, na kazi yake ilikuwa ya watumwa. Ni kazi ya kukata, kubeba, kukamua na kukesha kwenye masufuria ya kuchemshia. Kazi ya karafuu, kwa kulinganisha, ilikuwa na msimu wa kupumua. Wengi walitoroka, wakaenda kuanzisha vijiji vyao ndani.

Hapa ndipo historia yetu inapokuwa ngumu kuisimulia. Agosti 1888 Emil von Zelewski wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki alifika Pangani kupandisha bendera ya kampuni. Aliwadharau wenyeji na viongozi wao. Mwezi uliofuata mji ukawaka, na maafisa wa kampuni wakafungiwa ndani ya nyumba yao. Kiongozi aliyejitokeza alikuwa Abushiri bin Salim. Vita vikaenea mwambao mzima. Wajerumani waliileta serikali yao na jeshi la Hermann von Wissmann, wakaitwaa Pangani Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa papo hapo Pangani.

Shuleni tulifundishwa kwamba alikuwa shujaa aliyepinga ukoloni, na mimi siipingi heshima hiyo. Lakini alikuwa pia mwenye shamba la miwa. Mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili, na kijana anayetembeza wageni anaweza kabisa kuyabeba yote mawili akiambiwa. Kinachomdhuru ni kutoambiwa lolote.

Baada ya hapo njia ilianza kufa, na haikuuawa na vita. Mdomo wa mto Pangani una fungu la mchanga linalozuia meli kubwa, ilhali Tanga ina bandari nzuri. Wajerumani wakaanza reli Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Kila stesheni iliyofunguliwa iliwapunguza watu wa kupita Pangani. Mwaka ule ule wa 1893 Richard Hindorf alipanda mkonge Kikogwe, upande wa kusini wa mto. Alikuwa ameagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa katani. Mistari ya mkonge imenyooka. Njia ya zamani, yenye kona zake, ilikatwa ilipokutana nayo.

Iliyobaki ni vipande, na vipande hivyo ndivyo vilivyonifanya niyaseme haya leo. Siku ya nne, kusini mwa mto, tulifika mahali pwani ambapo nyumba moja ya kulala wageni imejenga ukuta wa mawe hadi ulipo mstari wa maji. Jina lake silitaji. Mlinzi alitusimamisha kwa adabu, akasema hii si njia. Nyayo zilikuwa zinaonekana mpaka chini ya ukuta!

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri hifadhi ya fukwe na kingo za mito katika eneo la mita 60. Sheria hiyo ilitungwa kulinda mazingira, haikuandikwa kwa ajili ya mpita njia. Hata hivyo, ingefuatwa, mpita njia angepata pa kukanyaga. Uingereza ina njia ya pwani ya kusini magharibi yenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,000, ambayo sehemu zake nyingi zilikanyagwa na walinzi wa pwani waliokuwa wakivizia magendo, wakichungulia kila ghuba. Kazi ile ilipokwisha njia ilibaki, na wananchi wakaipigania, kwa kuwa ilikuwa kwenye ramani na kila mtu aliijua kwa jina. Ya kwetu ina umri wa kutosha, imekosa kuandikwa tu. Vijiji vyetu vinaandaa mipango ya matumizi ya ardhi. Je, njia ya miguu inahesabiwa kuwa matumizi?

Tukiwa tumesimama pale ukutani, walikuja akina mama watatu na ndoo za samaki kichwani. Mmoja, mtu mzima, nilimpa shikamoo, nikamuuliza wanapitaje. Aliteremsha ndoo yake, akakaa mchangani.

"Tunangoja maji yapwe, mwanangu," alisema. "Zamani tulikuwa tunapita tu."

Tulingoja pamoja nao kiasi cha saa moja na nusu. Maji yalipotoka, tuliuzunguka ukuta kwa upande wa bahari, akina mama mbele, sisi nyuma, mmoja mmoja.