Swichi ya ramani za cheche: Kazi na mipaka yake katika pikipiki za stroki mbili

TANGU 1995, mji wa Eisenerz nchini Austria umekuwa mwenyeji wa Erzbergrodeo, mashindano ya pikipiki yanayofanyika ndani ya mgodi wa chuma. Waendeshaji 500 huruhusiwa kuanza fainali na hupewa muda wa saa nne kufika mwisho wa njia. Wengi wao hawafiki. Mnamo 2015, hali ilikuwa ngumu kiasi kwamba waendeshaji wanne waliokuwa mbele walilazimika kusaidiana kupandisha pikipiki zao katika mteremko mmoja, na hatimaye wote wanne wakatangazwa washindi.

Katika mashindano ya aina hiyo, pikipiki inayopendwa zaidi ni ya stroki mbili, hasa yenye injini ya ukubwa wa cc 250 au 300. Ni nyepesi, haina vali wala kamshafti kichwani mwa silinda, na hutoa nguvu katika kila mzunguko wa krenki, tofauti na ya stroki nne ambayo hutoa nguvu mara moja katika kila mizunguko miwili. Hata hivyo, ina hulka inayowasumbua hata mabingwa. Injini huenda polepole kana kwamba imechoka, kisha ghafla nguvu zote zikaja kwa pamoja. Katika barabara kavu hilo ni raha. Juu ya mizizi iliyoloa maji, ni chanzo cha kuanguka.

Ndipo inapoingia swichi ndogo inayofungwa kwenye usukani. Katika baadhi ya pikipiki za Gas Gas ya Uhispania na Beta ya Italia, swichi hiyo imechorwa jua upande mmoja na mvua upande wa pili. Baadhi ya waendeshaji hudhani kwamba upande wa jua huongeza nguvu na ule wa mvua huzipunguza. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo inayowagharimu watu injini.

Cheche hutolewa lini?

Pistoni inapopanda, hubana mchanganyiko wa hewa, petroli na oili. Plagi haingoji pistoni ifike juu kabisa ndipo itoe cheche. Hutangulia kidogo, kwa sababu moto huhitaji muda kuenea katika chumba chote. Utangulizi huo hupimwa kwa digrii za mzunguko wa krenki. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa sekunde 0.01, kwa hivyo cheche iliyotangulia kwa digrii 20 huwa imewahi kwa sehemu moja tu ya 1,800 ya sekunde. Katika muda huo mfupi ndimo tabia ya injini hupatikana.

Cheche ikitangulia kupita kiasi, gesi zinazowaka huikandamiza pistoni ilhali bado inapanda. Joto na shinikizo huzidi, na mchanganyiko uliosalia pembeni hulipuka wenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu. Mafundi husema injini inagonga. Mlio wake ni kama wa changarawe zinazotikiswa ndani ya mkebe, na pistoni iliyogonga kwa muda mrefu huishia kumomonyoka au kutoboka. Cheche ikichelewa, kwa upande mwingine, moto huikimbiza pistoni ambayo tayari inashuka. Msukumo hupungua na sehemu kubwa ya joto huishia katika bomba la moshi.

Katika injini ya stroki mbili, joto hilo la bomba halipotei bure. Bomba lake lina tumbo pana lililobuniwa ili mawimbi ya shinikizo yarudi nyuma kwa wakati unaofaa na kuusukuma ndani ya silinda mchanganyiko uliokuwa ukitoroka. Gesi zikiwa na joto zaidi, mawimbi husafiri kwa kasi zaidi, na bomba hufaa kwa mizunguko ya juu. Kwa sababu hiyo wahandisi huichelewesha cheche kwa makusudi injini inapokaribia kasi yake ya mwisho, ili isikate tamaa mapema. Jambo linaloimarisha injini huku juu ndilo lingeidhoofisha kule chini. Hakuna pembe moja ya cheche inayofaa kila kasi.

Kisanduku cha CDI, ambacho wahudumu wa bodaboda nchini Kenya wanakifahamu kwa sababu kikiharibika pikipiki haiwaki, ndicho kinachoamua. Katika pikipiki hizi za mashindano, kisanduku huwa na orodha inayoonyesha kwamba kwa kasi fulani, cheche itolewe kwa digrii fulani. Orodha hiyo ikichorwa huwa mstari unaopanda na kushuka, na hiyo ndiyo huitwa ramani. Swichi hukiambia kisanduku kitumie ramani ya kwanza au ya pili. Bodaboda nyingi, zikiwa za stroki nne na za kazi ya kila siku, hazina swichi ya namna hii.

Upande upi, mahali gani

Ramani laini, yaani ile ya mvua, kwa kawaida huichelewesha cheche katika kasi ya chini na ya kati. Nguvu hupanda taratibu, na gurudumu la nyuma hupata nafasi ya kushika ardhi kabla ya kuanza kuteleza. Hufaa katika matope, juu ya mawe yenye ukungu na kwenye mizizi. Hali kadhalika, hufaa saa ya tatu au ya nne ya safari, mikono inapokuwa imechoka na mkono wa mafuta haugeuzwi tena kwa uangalifu. Faida hii ya mwisho hutajwa kwa nadra ilhali huenda ndiyo kubwa kuliko zote.

Ramani kali huitika upesi. Mchanga mzito huhitaji mwitikio huo, kwani gurudumu likipunguza kasi huzama. Vivyo hivyo mlima mrefu ulio mkavu, ambako injini iliyolegea huishiwa nguvu katikati na mwendeshaji akajikuta akirudi kinyumenyume. Anayejifunza hana haja ya kuona haya akiiacha swichi yake upande wa mvua mwaka mzima.

Swichi isichoweza kufanya

Katika pikipiki zenye kabureta, swichi hugusa cheche pekee. Kiasi cha petroli hakibadiliki. Chukua mfano wa pikipiki iliyorekebishwa Mombasa kisha ikapelekwa Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 hivi. Mafuta yatazidi hewa, injini itakokota na plagi itajaa masizi. Mwendeshaji anayeigeuza swichi upande wa jua akitafuta uchangamfu atakuwa anatibu goti kwa dawa ya macho. Dawa hapo ni jeti ndogo zaidi.

Kosa la kinyume ni baya zaidi. Pikipiki inayopata petroli kidogo kuliko inavyohitaji, au inayotumia petroli duni, tayari iko karibu na kugonga. Ramani yenye cheche iliyotangulia huisukuma upande huohuo, hasa ikibebeshwa mzigo mlimani katika gia ya juu.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba kuna marekebisho yenye uzito kuliko swichi. Injini nyingi hizi zina vali katika tundu la moshi, na wakati wa kufunguka kwake hutegemea springi. Katika injini za KTM zenye kabureta, springi hizo hutofautishwa kwa rangi: nyekundu kwa mwitikio mkali, njano kwa wa wastani, kijani kwa mpole. Aliyeweka springi nyekundu kisha akategemea ramani laini imwokoe matopeni anashindana na pikipiki yake mwenyewe.

Mipaka hiyo imeanza kusogea. KTM ilileta mfumo wa kunyunyiza petroli kwa kompyuta katika modeli za 2018 za 250 na 300 EXC, na katika modeli za 2024 vali ya moshi yenyewe ikaanza kuendeshwa kwa umeme. Pikipiki ya namna hiyo ikifungwa swichi, kugeuza ramani hubadilisha mambo mengi zaidi ya cheche.

Kupima na kukagua

Kuzungusha mafuta pikipiki ikiwa imesimama hakuonyeshi tofauti yoyote ya maana. Kipimo cha haki ni mteremko mmoja, injini ikiwa imepata joto, gia ileile na mwendo uleule wa kuanzia, mara kadhaa kwa kila ramani. Alama za gurudumu ardhini husema zaidi ya masikio: mtaro mrefu uliochimbwa ni nguvu iliyopotea. Ni busara kulegeza mafuta kabla ya kugeuza swichi safarini, na kufuata mwongozo wa mtengenezaji pale unapotaka injini izimwe kwanza.

Swichi nyingi ni sahili mno. Huunganisha waya wa kisanduku na chuma cha fremu, au huutenganisha. Waya huo ukikatika karibu na usukani, mahali unapokunjwa kila kona, injini haizimi. Hubaki katika ramani moja, na mwendeshaji huendelea kubofya akiamini amebadilisha. Ramani ipi hubaki hutegemea mtengenezaji. Katika nyingine ni ile kali. Fundi mwenye mita ya kupimia umeme huhitaji dakika chache tu kujua: swichi ikiwa upande mmoja mkondo upite, ikigeuzwa ukatike, huku usukani ukizungushwa hadi mwisho kulia na kushoto.