Kitabu cha Mapishi Kilichogawiwa kwenye Sherehe ya Miaka 40 ya Ndoa

Mwaka 1908, mjini Bangkok, Bibi Plian Phasakorawong alitimiza umri wa miaka 61, na ndoa yake na Phon Bunnag ikatimiza miaka 40. Wageni waliofika kuwapongeza walipewa kitabu cha mapishi alichokiandika mwenyewe, Mae Khrua Hua Pa. Huyu hakuwa mama wa jikoni tu. Mwaka 1893, Siam (Thailand ya leo) ilipopambana na Ufaransa, ndiye aliyewakusanya wanawake kuwahudumia majeruhi, na juhudi hizo zikawa chimbuko la Msalaba Mwekundu wa nchi ile. Mumewe alisoma Uingereza, akashika wizara ya elimu. Pengine ndiyo sababu kitabu kina vipimo, wakati wapishi wengi wa zama zile walikisia kwa jicho na kiganja.

Mimi ni dalali wa mawe. Biashara hunipeleka Chanthaburi, mashariki ya Bangkok, ambako mwisho wa wiki wanunuzi hukaa mezani na sisi wenye mali tunapita na vikaratasi vyetu vya rubi na yakuti, tukipigwa bei hadi jasho litoke. Mke wangu, mtu wa Tanga, aliyekulia kwenye tui, alikuwa na hamu ya miaka mingi ya kuijua michuzi ninayomsimulia. Nikaamua zawadi yake iwe masomo ya mapishi, naye tusafiri pamoja. Madarasa Bangkok ni mengi kama vibanda vya chipsi. Kwa hiyo kabla ya kulipa nilitaka kujua mapishi haya yalitoka wapi, na nani alianza kuyafundisha.

Yalikuwa ya siri. Katika makazi ya ndani ya kasri la mfalme waliishi wanawake na watoto, na familia kubwa zilipeleka mabinti zao wakalelewa humo: kushona, kufuma maua, kuchonga matunda, kupika. Ujuzi ulitoka mkononi kwa bibi ukaingia mkononi kwa mjukuu. Nje ya kuta hizo ulifika kwa njia mbili ambazo zote zilikuwa zawadi. Ya kwanza ni vitabu kama cha Bibi Plian. Ya pili ni msiba. Wathai wanapochoma maiti, familia huchapa kitabu na kuwagawia waliohudhuria. Ndani huwa na maisha ya marehemu, mafundisho ya dini, na mara nyingi mapishi aliyosifika nayo. Hekalu la Wat Bowonniwet limehifadhi vingi mno, na mpishi Mwaustralia David Thompson alivichimbua vitabu vya namna hiyo kabla ya kutoa kitabu chake kinene, Thai Food, mwaka 2002. Kwetu mama akifariki, pilau yake hubaki ugomvi wa mabinti zake. Bora wenzetu.

Sasa, darasa la watalii huanza na nini? Pad thai. Na pad thai ni chakula cha serikali. Plaek Phibunsongkhram alishika uwaziri mkuu mwaka 1938, mwaka uliofuata jina la Siam likawa Thailand, kisha zikaja amri za utamaduni: watu wavae kofia, na mume ambusu mkewe kabla ya kwenda kazini. Wakati wa vita tambi za mchele zikapigiwa debe, na sahani hii ya kukaangwa, yenye asili ya Kichina jikoni, ikapewa jina la taifa. Ni tamu, sikatai. Lakini mtu asiuziwe pad thai akiambiwa ni urithi wa mababu.

Biashara ya kuwafundisha wageni ilishamiri baadaye kabisa. Huko Chiang Mai, Sompon Nabnian alifungua shule yake mwaka 1993, na wengi wakafuata. Mwaka 2002 serikali ikaanza kampeni ya kueneza mikahawa ya Kithai duniani, na kila aliyeonja huko kwao akataka kuja kujifunza.

Nilimchagulia mke wangu darasa lenye massaman. Mchuzi huu una iliki, mdalasini, karafuu na kungumanga, viungo ambavyo kwao hutajwa pamoja na wafanyabiashara Waislamu. Na ukoo wa Bunnag, wa mume wa Bibi Plian, unatokana na Sheikh Ahmad wa Qom, Mwajemi aliyefika Ayutthaya, mji mkuu wa Siam wakati huo, mwanzoni mwa karne ya 17. Kwa mtu wa pwani hilo si geni hata kidogo.

Mwalimu, mama wa makamo, alimpa kinu cha jiwe na mchi mzito. Vigumu kwanza: chumvi na pilipili kavu iliyorowekwa, halafu khulanjani na mchaichai, kisha vitunguu, na kamba waliochachushwa mwisho kabisa. Kukimbilia vitunguu mapema ni kujitafutia maji yanayorukia macho. Hapo mke wangu hakuwa na shida. Shida ilikuja kwenye tui. Kwetu unakoroga bila kuacha mkono ili tui lisikatike. Yule mama alibandika tui la kwanza peke yake, akaliacha lichemke hadi mafuta yakajitenga, ndipo akakaangia viungo humo. Mke wangu alinigeukia akanong'ona, "Baba watoto, huyu analikata tui makusudi!"

Akala, akanyamaza, akaomba aonyeshwe tena.

Kwa anayetafuta zawadi kama hii, swali la kuuliza kabla ya kulipa ni moja: viungo mnaponda wenyewe au mnafungua kopo? Wanaofungua kopo hukimbilia kutaja idadi ya sahani.